Bunduki ya kwanza: ichague kwa kazi na kwa bega lako

Wengi wanaotafuta bunduki ya kwanza huanza kuulizia ile yenye nguvu, na muuzaji hapo ndipo anapowapatia. Uliza kwanza utapiga nini, kutoka umbali gani, na nyuma ya hicho utakachopiga kuna nini. Kwa mkulima wa Tanzania anayesumbuliwa na nguruwe pori shambani, na ambaye msimu ukifunguliwa angependa kupata kanga na kwale, jibu langu ni shotigani, bunduki ya marisau. Swala wa mbali anahitaji bunduki ya risasi yenye komeo, kama .308 au .30-06. Nyati mwachie mzoefu mwenye .375 kwenda juu.

Marisau hutawanyika na kuishiwa nguvu mapema. Ukipita mita 40 hivi unajeruhi mnyama akafie vichakani. Udhaifu huo ni nafuu kwako ukiwa karibu na makazi. Risasi ya .22, ambayo watu huiona kama ya kuchezea, inaweza kuua mtu aliye zaidi ya kilomita moja, na ya .308 huenda mbali zaidi. Lakini usijidanganye kwamba marisau hayana madhara: yale makubwa ya kupigia nguruwe hupenya bati, mlango wa mbao na ukuta wa udongo, na nyuma ya ukuta huo kuna mtoto amelala. Ndiyo maana nasema ulinzi wa nyumba uanzie kwenye komeo, taa, mbwa na simu ya jirani.

Namba za shotigani huwachanganya wengi, kwa kuwa namba ikipanda mtutu unapungua. Namba 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi, kipimo cha mtutu ambao gololi zake 12 za madini ya risasi hutimiza ratili moja. Namba 20 ni nyembamba na nyepesi, na teke lake ni la upole. Mwenye mwili mdogo asione haya kuichukua, ila aulize kwanza kama risasi zake zinapatikana mjini kwake. Za namba 12 ndizo rahisi kupata. Ningependelea mitutu miwili ya kukunja. Ukiikunja, kila aliye karibu anaona kwamba haina kitu.

Dukani, hakikisha mwenyewe kwamba ni tupu, kisha ukiwa umeielekeza mahali salama fumba macho, ipandishe begani kama unayelenga, halafu fumbua. Jicho likikutana na kilengeo bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako kinakufaa. Ukiona ubavu wa mtutu, au ukiona sehemu ya nyuma tu, jaribu nyingine. Jua pia jicho lako lenye nguvu: tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo, fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo la kulengea, hata kama unaandika kwa mkono wa upande mwingine.

Iliyotumika si mbaya. Ikunje, elekeza mitutu kwenye mwanga na uchungulie ndani: pawe panang'aa, pasiwe na vishimo vya kutu wala uvimbe. Ifunge, uitikise taratibu karibu na sikio. Ikigongagonga kwenye bawaba, imechoka. Kitako kilichopasuka kikagandishwa kwa gundi kiache hapo hapo.

Pesa usizimalize kwenye bunduki. Tenga za kasha la chuma lililofungwa kwa nondo ukutani, za kifungio kingine cha risasi, na za risasi za mazoezi. Bunduki ya juu ya kabati au chini ya godoro mwizi na mtoto wataiona kabla yako.

Kuhusu karatasi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na ombi lako litapita polisi na kamati za ulinzi na usalama. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuwinda. Kibali cha mnyama ni kingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kummulika mnyama kwa tochi usiku ukampiga ni kosa. Tembo akiingia shambani, waite askari wa wanyamapori. Wasomaji wa Kenya wajue kwamba huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo wasiuweke kama sababu kwenye ombi lao.

Kwa bunduki iliyotumika kuna jambo moja zaidi kabla ya kutoa hata malipo ya awali: soma namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, uilinganishe na ya kwenye leseni ya muuzaji. Ikiwa imekwaruzwa au inatofautiana hata kwa tarakimu moja, irudishe mikononi mwake uondoke.