Kazi ya Jumamosi kwa Mwanafunzi Asiyepata Kufanya Kazi

Mwezi huu twataka kufundishana neno ambalo vijana wa Kambarage na wa mitaa mingine ya Shinyanga hutuuliza mara nyingi, na wazazi wao hutuuliza zaidi. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini daftari, sare, nauli na chakula havikuondoka pamoja nayo. Basi kijana husema, "Nitatafuta kazi ya Jumamosi." Huenda dukani, huenda ghalani, huenda kwa fundi, na kila mahali huulizwa swali moja: "Umewahi kufanya kazi wapi?" Naye hajapata kufanya kazi popote. Hurudi nyumbani na huzuni, maana aona ya kuwa ufunguo wa mlango umefungiwa ndani ya nyumba ile ile atakayo kuingia.

Sisi twaona ya kwamba kijana hulisikia swali lile vibaya. Mwenye duka hatafuti fundi. Kupanga sabuni na chumvi, kupima mchele kwa kilo, kuandika deni la mteja katika daftari, hayo yote hufundishwa kwa saa moja. Atakalo kujua ni hili: je, mtoto huyu atafika saa mbili asubuhi Jumamosi hii, na ijayo, na ile ya tatu? Na kitu kikipungua, au mtoto akiumia, nitamwendea nani? Hauliziwi ujuzi wake, aulizwa yeye ni wa nani.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili. Katika vijiji vyao vijana walikuwa na chama cha kulima, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba hakumtafuta kijana mmoja mmoja. Alimwendea nsumba ntale, wakapatana ujira, labda ng'ombe, labda chakula, na siku ile vijana wakaja wote na majembe yao kwa nyimbo. Asiyefika alitozwa faini na wenziwe. Humo kijana aliyeshika jembe kwa mara ya kwanza alipata kazi sawasawa na mwenye miaka mitano, maana hakusimama peke yake. Chama kilimjibia.

Basi mwanafunzi wa leo na aanze hapo. Asianze kwa kuzunguka mji mzima akibisha milango ya watu wasiomjua. Na aketi kwanza na mama au baba, awataje watu wanaowajua ambao Jumamosi huzidiwa na kazi. Nao ni wengi kuliko tudhanivyo. Mama lishe wa karibu na stendi huzidiwa na vyombo. Mwenye steshenari huzidiwa na watu wanaotaka barua zao zichapwe na kutolewa nakala. Wapishi wa harusi hutaka mikono ya kumenya ndizi, kupanga viti na kugawa sahani. Siku ya mchezo katika uwanja wa Kambarage, wauza maji na karanga hutaka wasaidizi. Mwanafunzi wa chuo, kwa mfano wa kampasi ya ushirika ya Kizumbi, aweza kumtunzia hesabu mwenye ghala ambaye daftari lake limevurugika tangu mavuno.

Iko kazi moja tunayoisifu kuliko hizo, ingawa vijana huidharau kwa kuwa haina duka wala kibao: kuwafundisha watoto wa shule ya msingi hesabu na kusoma. Mwanafunzi wa kidato cha tatu asema hana ujuzi wa kazi. Lakini sehemu na asilimia amezifanya miaka mingi, na mtoto wa darasa la tano jirani yake zimemshinda. Watoto wanne katika baraza ya nyumba, saa mbili za Jumamosi asubuhi, wazazi wakisikia wenyewe sauti ya somo: hapo haulizwi mtu cheti. Tena mwalimu huyo hulazimika kuyarudia aliyoyasahau, naye hupata faida pande mbili.

Namna ya kuomba nayo ina adabu yake. Usiende saa ya wateja. Nenda jioni mambo yametulia, au asubuhi kabla ya kufungua, useme "Shikamoo mama," na akiwa mtu wa Kisukuma, "Mwangaluka mayu" ya asubuhi humfungua mtu uso. Kisha usiseme, "Naomba kazi yo yote." Maneno hayo humtwika mwenzako kazi ya kukufikiria. Sema, "Mama, mimi ni mtoto wa fulani wa mtaa huu, nasoma kidato cha pili. Nimeona Jumamosi watu ni wengi hapa. Naomba nije saa mbili hata saa nane, nioshe vyombo. Jumamosi ya kwanza unitazame." Mtu akikubali kutazamwa siku moja, mwenye kazi hana hasara kubwa ya kuogopa. Mkapatane ujira kabla ya kushika sufuria, si baada yake: kama ni fedha, ni kiasi gani, na chakula kimo ndani yake au kiko mbali.

Sasa twafika penye neno zito. Kutoka Shinyanga gari huenda Kahama, na mbele yake Geita, na njia nzima kuna machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Habari ya rashi ikivuma, kijana husikia ya kuwa kule haulizwi mtu amefanya kazi wapi. Ni kweli, haulizwi. Atapewa nyundo apasue mawe, au atawekwa penye karasha lisagalo mawe, au mwaloni aoshe mchanga, siku ile ile aliyofika. Lakini tufikiri kwa nini haulizwi. Yule mama lishe aliuliza kwa sababu atawajibika kwa mtoto wa jirani yake. Penye duara hapana ajuaye mama wa mtoto yule ni nani, na ukuta ukianguka hapana wa kupeleka habari. Swali lililomhuzunisha kule dukani lilikuwa ulinzi wake.

Na hatari si ya kuanguka mawe tu. Dhahabu ya wachimbaji wadogo mara nyingi hukusanywa kwa zebaki. Zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa, ikashikamana na dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa motoni, na zebaki hupaa kama mvuke usioonekana. Mvuke huo huingia kwa pumzi, ukaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Aliyeuvuta sana hutetemeka mikono. Watoto huumizwa nao kuliko watu wazima, wala madhara hayaonekani Jumamosi ile, ndiyo maana kijana husema, "Nimefanya mara tatu, sikudhurika." Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza ya kuwa wamo hata wa miaka minane. Ujira wenyewe nao mara nyingi si fedha, bali ni mfuko wa mawe, nayo yaweza kuwa mawe matupu. Hapo kijana husema atangoje mfuko wa pili. Jumatatu ikapita, na wiki ikapita, na kiti chake darasani ki wazi. Hatusemi haya kuwadharau wachimbaji. Wengi katika sharika zetu hula kwa jasho hilo, na mtu mzima mwenye leseni ni habari nyingine. Twasema juu ya mwanafunzi.

Wala sheria ya nchi haikumfunga mwanafunzi asifanye kazi, kama wazazi wengine wadhanivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humruhusu aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala kumzuia shule, naye alipwe ujira wa haki. Aliye chini ya miaka 18 hukatazwa kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili za usiku hata saa kumi na mbili alfajiri. Hukatazwa migodi na machimbo ya mawe, kubeba mizigo mizito, na kazi ya baa. Mzazi na ayashike mawili haya ya mwisho, maana ndiyo yajayo mlangoni mwake. Kupakia magunia ya mchele katika lori ni mzigo mzito hata kama kijana ana kifua kipana. Na binti akiitwa kusaidia Jumamosi usiku katika "grosari", mzazi na aende kwanza kutazama kama kinachouzwa pale ni sukari na unga.

Mtu akikutaka fedha kwanza, ya fomu au ya kukuandikisha, ndipo akupe kazi, mwache aende zake. Kazi hukulipa wewe.

Ukiisha kupata, andika. Neno "kibarua" lenyewe latoka katika barua: zamani huko pwani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha apate ujira wake. Na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, siku za Waingereza, kila mtu alikuwa na kipande chenye nafasi ya siku 30, kila siku ya kazi ikatiwa alama. Kipande kile kilichukiwa na wengi, na walikuwa na sababu. Lakini wewe waweza kujitengenezea chako kwa faida yako: daftari dogo, tarehe, kazi uliyoifanya, saa ulizokaa, ujira, na sahihi ya mwenye kazi. Baada ya miezi minne, atakayekuuliza umewahi kufanya kazi wapi utampa daftari asome. Na kama Jumamosi zako ulizitumia kwa fundi cherehani au fundi seremala, ujue ya kuwa VETA huwapima waliojifunzia ufundi kazini na kuwapa cheti, bila kuwaanzisha upya darasani.

Jumapili tumeiacha kwa makusudi, maana kijana aliyesoma siku tano na kufanya kazi ya sita ana haki ya kulala na kusali.

Kwa wale wasiojua pa kuanzia sasa: mvua zikinyesha, wenye majaruba ya mpunga hutaka mikono ya kupandikiza miche, nao hutaka watu kwa makundi, kama zamani. Wanafunzi sita wa mtaa mmoja, wakiwa na mkubwa wao wa kupatana ujira, na wamwendee mwenye shamba mwezi wa Oktoba, kabla hajaahidi kazi kwa wengine. Waulize na kina cha maji, na kama iko ruba.