SOMO LETU: MPINI WA ZAMANI, KAZI MPYA



Kabla ya mvua za Machi kila kikundi hutoa majembe stoo. Hapa kwetu Thika na Ruiru, hasa kwenye ule udongo mweusi wa kunata upande wa Juja, jembe likishazama kulivuta ni kazi. Mpini ukiwa mkavu na wenye vibanzi, mikono inatoka malengelenge. Ukilegea, kichwa kinachomoka na kumwangukia mwenzako mguuni. Wengi hukimbilia kununua mpya. Ngojeni kwanza. Kama ule wa zamani haujaliwa na wadudu, wala haujapasuka pale karibu na chuma, unatengenezeka nyumbani.

Tuanze na ile tabia yetu ya kulaza jembe kwenye karai la maji ili likaze. Asubuhi limekaza kweli. Lakini mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hauna pa kwenda, kwa hivyo nyuzi zake zinajiponda. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana, na jioni jembe linayumba tena. Dawa yake ni kabari ya mti mgumu, na mafuta.

Toeni kichwa. Kama mpini ulipakwa vanishi, ikwangueni kwa kipande cha kioo kilichoshikwa na kitambaa kizito, mkifuata nyuzi za mti. Vanishi haifai mpini: jasho likiingia inateleza, na ikipasuka inafungia maji ndani. Kama ni rangi ya zamani, msiipige msasa ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Ilowesheni kwanza, na mabaki yote myakusanye.

Pigeni msasa mkali, halafu laini. Sasa kuna hatua ambayo hata mafundi wengine wanairuka: pangusa mpini kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Utaona vinyweleo vya mti vimesimama. Piga msasa laini tena. Usipofanya hivyo vitasimama siku ya kwanza ya mvua, kiganjani mwako.

Mafuta ni ya kitani yaliyochemshwa, ambayo maduka ya hadiwea huyaita linsidi. Mara ya kwanza changanyeni nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame, mbali na jiko. Pakeni, ngojeni robo saa, kisha mpanguse yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata kama gundi. Kesho yake pakeni bila tapentaini, na kesho kutwa vilevile. Zile ncha mbili zilizokatwa zinakunywa sana, zipeni zaidi. Si jambo geni hili. Wazee waliotumikia KAR katika vita vya 1939 hadi 1945 walibeba bunduki za Lee-Enfield zenye vitako vya mti, na vitako hivyo vilipakwa mafuta ya kitani. Oili chafu ya gereji ni rahisi, lakini haikauki na inadhuru ngozi. Mafuta ya kupikia nayo hayakauki.

Sasa sikilizeni vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga vitambaa vya mafuta haya ndani ya gunia, nikaliweka stoo juu ya vumbi la mbao. Usiku tuliamshwa na moshi. Hakuna aliyewasha kiberiti! Tulipoteza mipini yote tuliyokuwa tumetengeneza, na magunia mawili ya mahindi ya kikundi. Kumbe mafuta ya kitani yanapokauka huvuta hewa na kutoa joto, na vitambaa vikirundikwa joto halina pa kutokea. Viwekeni kwenye mkebe wa maji wenye kifuniko, au vianikeni nje kimoja kimoja, mbali na nyumba, mpaka vikauke kabisa na kuwa vigumu.

Ya kuzungumzia mkutanoni: Mipini mingapi ya kikundi inayumba? Ni nani huweka majembe, na huyaweka pakavu? Vile vitambaa vitawekwa wapi, na nani ataviangalia jioni hiyo?