SOMO: MALAIKA ALIMPA MKATE KWANZA

Ya kusoma mbele ya somo: 1 Wafalme 19:1-18
Somo hili ni la walimu, wazazi, waombezi na vijana.



Nabii Eliya alikuwa mtu wa nguvu. Lakini siku moja aliogopa, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika alifanya nini? Hakumgombeza. Hakumwuliza dhambi yake. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja nyuma, kule Horebu. Tuchukue mfano huu kwa ajili ya watoto wetu wanaosoma na walimu wao.

1. KOSA LETU

Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano Nyiragongo ililipuka, na sisi watu wa Goma tukakimbia. Masomo yalipofunguliwa tena, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 9, hakuwa yule tuliyemjua. Alikuwa akisinzia darasani, akikojoa kitandani, akiruka kwa sauti ya mlango. Mwalimu alimchapa fimbo akisema ni mvivu. Sisi tulizidi: mtu mmoja alisema mtoto ana roho chafu, tukamfunga katika chumba cha maombi siku 2 bila chakula. Mimi shemasi ndiye niliyeshika ufunguo.

Siku ya tatu mama mmoja, munganga wa kituo cha afya, alimketisha karibu naye, akampa uji, akamwuliza: «Mwanangu, unaogopa nini?» Mtoto akajibu: «Nikilala, moto utakuja na hakuna atakayeniamsha.» Tangu usiku ule dada yangu alilala naye. Baada ya majuma machache mtoto akaanza kucheza.

Malaika alimpa Eliya mkate. Sisi tulimnyima mtoto mkate. Nimeomba msamaha mbele ya kanisa, na mbele ya mtoto yule. Tujue tena kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inaadhibu mtu anayemtesa mtoto kwa kumsingizia uchawi.

2. MWALIMU NAYE NI MTU

Nilikwenda kwa yule mwalimu na hasira. Nikakuta nyumba yake ya Buhene imeliwa na moto, naye analala na jamaa yake katika darasa lile lile analofundishia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari zake, hata sisi.

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi. Ni jambo zuri, lakini madarasa yalijaa sana, na mwalimu ni yule yule mmoja. Mwaka 2025 vita vilifika Goma na Bukavu, banki zikafungwa, na walimu wengi wakahangaika kupata mshahara wao. Mtu aliyelemewa hivi atambebaje mwingine?

3. TUANGALIE NINI

Kwa mtoto: kukosa usingizi, kuumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana, kuacha kucheza, kushuka kwa pointi, hasira au ukimya usio wa kawaida.
Kwa mwalimu: kuchelewa kila siku, kusahau, kupiga kelele, kulia peke yake, kukimbilia pombe.

4. TUFANYE NINI

Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitoa mwaka 2011 mafundisho ya msaada wa kwanza kwa mtu aliyepatwa na msiba. Yana mambo 3: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha na wengine wanaoweza kusaidia. Eliya naye alitendewa vivyo hivyo.

a) Mwalimu aanze kila siku kwa njia ileile: salamu, jina la kila mtoto, wimbo. Mtoto aliyeogopa anatulia akijua kitakachofuata. Asilazimishwe kusimulia mabaya mbele ya wenzake. Fimbo iwekwe chini.

b) Direkta au prefe akusanye walimu mara moja kwa juma, bila kusema habari za rapoti wala za pesa, aulize tu: «Mko namna gani?» Mwenye msiba, wenzake wamshikie darasa.

c) Waombezi, tuombe, lakini mtoto awe amekula na amelala. Tusimwambie mgonjwa atupe dawa aliyopewa na munganga.

d) Hali ikipita mwezi mmoja bila kupona, au mtu akikataa chakula, apelekwe kwenye kituo cha afya. Goma kuna Tulizo Letu na Bukavu kuna SOSAME, nyumba zinazotunza wagonjwa wa akili. Si aibu kufika huko.

e) Mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku ileile. Msiogope kumwuliza waziwazi. Kumwuliza hakumtii wazo lile. Kunamfungulia mlango wa kusema.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Kwa nini malaika alianza na mkate, si na mafundisho?
2. Ni mtoto gani katika njia yetu aliyenyamaza siku hizi? Nani atamtembelea juma hili?
3. Ni lini mara ya mwisho tulipomwuliza mwalimu wa watoto wetu habari za nyumbani kwake?

Kule Horebu Mungu alimpa Eliya kazi, akampa na Elisha, ili asiifanye peke yake. Tusimwache mwalimu wala mtoto peke yake chini ya mti. Mungu awabariki.