Dakika Tano za Kwanza: Nani Yuko Tayari Kuwa Maskini?

Dakika ya tano tulikuwa tumeua sita, wao wameua wanne. Tukajiona tumeshamaliza kazi. Dakika ya kumi na nne ngome yetu ikavunjwa.

Lilikuwa bonanza dogo tu la Mobile Legends, sisi wa hosteli za upande wa Temeke dhidi ya wenzetu wanaokaa mageto ya Kinondoni, anayefungwa ananunua bando. Kilichouma si bando. Kilichouma ni kwamba usiku ule, kwenye grupu la WhatsApp, wanne tulimgeukia mtu mmoja. Vifo vyote vinne vya mwanzo vilikuwa vyake, na yeye alikuwa hajaua hata mmoja. Mimi ndiye niliyeandika maneno makali zaidi. Asubuhi tukakuta ametoka kwenye grupu.

Siku mbili baadaye nilifungua marudio ya mechi ili nihakikishe nilichosema. Nikajiona mimi mwenyewe. Makala hii ni ya kile nilichokiona, kwa sababu naamini timu nyingi za hapa chuoni zinafungwa kwa kosa lilelile.

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Mobile Legends ilitolewa na kampuni ya Moonton mwaka 2016, na inachezwa kwenye simu, watano kwa watano. Uwanja una njia tatu zenye minara, na katikati ya njia kuna msitu wenye wanyama. Askari wadogo, minioni, wanatoka ngome zote mbili na kupita njiani. Ukiwaua unapata dhahabu ya kununua silaha na uzoefu wa kukupandisha ngazi. Anayevunja ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Hakuna pointi za kuua.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunahesabu kuua, wakati mchezo unahesabu minara.

Sasa tazama dakika tano za mwanzo zilivyo. Dhahabu iliyopo uwanjani ni kidogo, na haiwezi kumtosha kila mtu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo timu inagawana kazi. Mmoja anakaa njia ya dhahabu, na huyu ndiye tunayemlea ili aje kuwa tishio baadaye. Mmoja anakaa njia ya uzoefu, mara nyingi peke yake, kazi yake kubwa ni kutokufa. Mmoja anakula wanyama wa msituni. Mmoja yuko njia ya kati. Wa tano ni mzururaji. Huyu anavaa viatu vinavyomfanya asigawane dhahabu ya minioni na mwenzake aliye karibu. Kwa maneno mengine, timu imemwajiri awe maskini ili wengine washibe. Kazi yake ni kufungua njia, kuchungulia vichakani, na kupokea kipigo ambacho kingempata mwingine.

Dakika ya pili kamili anatokea Turtle, sisi tunamwita Kasa. Timu inayomuua inapata dhahabu na uzoefu kwa watu wote watano. Anayetakiwa kummalizia ni mtu wa msituni, kwa sababu yeye ndiye mwenye Retribution, pigo la kumalizia wanyama. Lakini hawezi peke yake. Anahitaji mzururaji amlinde na mtu wa kati awahi kufika, maana njia ya kati iko karibu na pande zote.

Mtu wa kati alikuwa mimi.

Kwenye marudio, saa inasoma 1:40. Mzururaji wetu yuko karibu na Kasa, peke yake, anatuma ishara ya kuitana. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Mtu wetu wa msituni anasita, haoni msaada. Mimi niko wapi? Namkimbiza mtu mwenye damu kidogo hadi chini ya mnara wao. Nikamuua, nikafurahi. Wakati huohuo minioni wa Kinondoni waliingia kwenye mnara wangu na kufia pale bila mimi kuvuna chochote, Kasa akaliwa na wao, na mzururaji akafa akijaribu kuwazuia. Kifo cha kwanza kati ya vile vinne. Vitatu vilivyofuata vilikuwa na hadithi hiyohiyo, ila mwenye uchu alibadilika.

Jambo hili nilikuwa nimeshaambiwa zamani, sema sikusikia. Mtaani kwetu kuna wazee wanaocheza bao chini ya mwembe. Bao la Kiswahili linaanza na hatua ya kunamua: kila mchezaji ana kete 32, lakini 10 tu ndizo ziko ubaoni, sita kati ya hizo kwenye nyumba, na 22 ziko mkononi zikisubiri kuingizwa moja moja. Siku moja nilikaribishwa kucheza, nikawa nafurahia kila nafasi ya kula. Mzee akaniuliza, "Mjukuu wangu, unakula vizuri, lakini nyumba yako umemwachia nani?" Mizunguko michache baadaye nyumba ikaenda. Mwanzo wa bao ni wa kupanga kete zako zilindane. Kula kunakuja kwa sababu umepanga.

Na wakubwa wa dunia wanacheza hivyohivyo. Mwaka 2021 Blacklist International ya Ufilipino ilichukua ubingwa wa dunia wa M3 kule Singapore, fainali ikiisha 4-0. Nahodha wao, OhMyV33NUS, alijulikana kwa kucheza mashujaa wa kusaidia, hasa Estes, ambaye kazi yake ni kuponya wenzake. Nahodha wa mabingwa wa dunia ndiye aliyekuwa anakula kidogo!

Kwa hiyo, wanangu, kabla ya bonanza lijalo:

Kabla ya kuchagua mashujaa, kubalianeni nani analelewa na nani anajinyima. Isemwe kwa mdomo. Ni kama kazi za makundi darasani: kila mtu anataka kupresenti, hakuna anayetaka kuchapa.

Ikifika 1:30, mtu wa kati amalize minioni wake na aanze kusogea. Anayekimbia mbele yako na damu kidogo, mwache aende. Kasa hatakusubiri.

Mkiona hamuwezi kumpata Kasa, msife bure. Fanyeni biashara: wao wakiwa kwa Kasa, nyie pigeni mnara upande wa pili. Minara ina ngao kwa dakika tano za mwanzo, na ukiibomoa ngao hiyo unalipwa dhahabu.

Na mkifungwa, angalieni marudio kabla ya kuandika kwenye grupu. Idadi ya vifo inaonyesha aliyekufa. Haionyeshi aliyemwacha afe.

Nilimfuata mzururaji wetu kwao Tandika, nikamwonyesha ile sekunde ya 1:40 na kumwomba radhi. Aliangalia mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akanipa sharti moja: atarudi, ila mwezi mzima mimi ndiye nitakayezurura, yeye atacheza kati.

Mechi ya kwanza nilikufa mara sita na sikuua mtu. Kasa wawili kati ya watatu walikuwa wetu, na ilipofika 1:40, nilipotuma ishara, alikuwa ameshafika.