Dondoo muhimu: Kupalia wali wa Kilombero

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko maji yanapokaribia kukauka, huku moto wa chini ukipunguzwa, ili wali uive taratibu. Kwa mchele wa Kilombero, hasa aina ya Supa inayonukia, hatua hii ndiyo inayoamua kama utakula wali au bokoboko. Punje huvimba na kulainika kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 70. Hazihitaji kutokota hadi mwisho. Moto wa chini ukiachwa mkali, kitako kinashika ukoko (wapo wanaougombania, hao waachiwe) na juu kunabaki kiini. Mfuniko ukipata joto, mvuke haugeuki maji na kudondokea wali.

Atakayesema kupalia kunamaliza mkaa hajatazama vizuri: makaa ni yale yale, yanahamishwa tu kutoka chini. Hoja kwamba gesi imeondoa haja hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa jiko la gesi halina makaa, na mfuniko wa kioo au wenye kishikio cha plastiki hauyavumilii. Hapo punguza moto hadi mwisho, funika kwa kitambaa safi chini ya mfuniko, kunja pembe zake juu mbali na moto, uache dakika kumi na tano. Mchele mpya wa baada ya mavuno una unyevu zaidi, kwa hiyo punguza maji kwanza. Kupalia hakuokoi wali uliozidi maji. Wa jiko la mkaa apikie penye hewa.