Umeingia mjini, mwendo umeuacha wapi?

MCHUNGAJI wa ngamia katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera hakuhitaji daktari wa kumwambia afanye mazoezi. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kisha akafuata mifugo. Kwenda malishoni, kupitia kisimani na kurudi bomani kulimtaka atembee kilomita 15 au 20, na siku za kuhama alitembea zaidi. Chai ile tamu na nyama yenye mafuta vilikuwa kuni za safari. Viliingia mwilini na vikaungua siku hiyo hiyo.

Leo watoto na wajukuu wengi wa mchungaji huyo wanaishi mjini. Wapo waliovutwa na shule, biashara na kazi za serikali, hasa baada ya kaunti kuanza mwaka 2013. Wapo pia waliosukumwa na ukame: ule wa 2011, na ule ulioanza 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo ikafa na familia zikahamia pembezoni mwa miji.

Sasa, msomaji, nataka kukuuliza. Ulipohamia mjini ulikuja na chai, maziwa, nyama na mafuta yake. Je, mwendo umeuacha wapi?

Hata kama unasoma makala haya ukiwa Nairobi, Mombasa au Nakuru, swali ni lako pia. Nyanya yako alilima kwa jembe na kuteka maji mtoni. Wewe unapanda bodaboda kwenda kununua mkate.

Chakula cha safari, maisha ya kiti

Hebu tuitazame siku ya mfanyabiashara wa kawaida mjini Garissa. Anatoka nyumbani kwa tuktuk, anafika dukani, anakaa. Adhuhuri anakula wali au baasto kwa nyama ya mbuzi, kisha analala kidogo kukwepa jua. Alasiri anarudi dukani, anakaa tena. Jioni huenda akajiunga na wenzake kutafuna miraa, na hapo atakaa saa nne au tano akishushia kwa chai tamu au soda. Ukimwondolea hatua za kwenda msikitini, miguu yake haijafanya kazi yoyote.

Mama wa nyumbani naye hana nafuu kubwa. Zamani alibomoa hema, akalipakia juu ya ngamia, akatembea na msafara. Sasa maji yako mferejini na soko liko karibu. Isitoshe, kwetu unene umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya neema, hivyo hakuna anayeshtuka akiona mwili unaongezeka.

Tatizo hili si la kaskazini mashariki peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani havibishi hodi. Mtu huishi navyo miaka mingi bila maumivu, na wengi hujua wakati wamekuja hospitalini kwa jambo jingine: kidonda cha mguu kisichopona, macho yenye ukungu, au upande mmoja wa mwili uliopooza ghafla. Wakati huo tunatibu, lakini tunatibu tukiwa tumechelewa. Kuna miguu inayokatwa ambayo ingeweza kuokolewa miaka kumi kabla.

Mwendo hufanya nini mwilini?

Mwaka 1953, Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti waliowafanyia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva, ambao walikaa kutwa nzima, walipata mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tikiti. Watu hao walifanya kazi katika kampuni moja na mji mmoja. Jambo kubwa lililowatofautisha ni kwamba mmoja alikaa na mwenzake alitembea.

Kwa nini iwe hivyo? Moyo ni msuli, na msuli hupata nguvu kwa kutumiwa. Ukitembea kwa haraka, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache. Mishipa ya damu hulainika na shinikizo hushuka.

Sukari nayo ina habari yake. Baada ya kula, sukari huingia katika damu, na homoni iitwayo insulini huifungulia mlango iingie katika misuli. Kwa mtu mnene asiyetembea, mlango huo huanza kukwama na sukari hubaki nje, ndani ya damu. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha ukubwani. Lakini msuli unaofanya kazi una mlango wake wa pili, ambao hufunguka hata pale insulini inaposhindwa. Kwa sababu hiyo, kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari kuliko kulala palepale ulipolia.

Nchini Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilihimizwa kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wengi wao wakitembea, na kupunguza uzito kidogo kwa kula vizuri. Waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa tiba hiyo wala dawa. Matokeo yao yalikuwa bora hata kuliko ya wale waliopewa vidonge vya metformin.

Je, kutembea hupunguza unene?

Ndiyo, lakini tusidanganyane. Tufanye hesabu ya chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa hakikujazwa kilima, kina kalori kama 16. Ukitia vijiko vinne kwa kikombe, na ukanywa vikombe vitano kwa siku, umekunywa kalori 320 za sukari tupu. Mtu mwenye kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kuchangamka kwa saa nzima hutumia kalori kama 250. Maana yake ni kwamba saa nzima ya kutembea haimalizi sukari ya chai peke yake.

Usikate tamaa, bali tumia njia mbili kwa pamoja. Tembea nusu saa kila siku, na utie vijiko viwili mahali pa vinne. Kwa karatasi, hesabu hiyo inakaribia kilo moja ya mafuta kwa mwezi. Mwili huenda polepole kuliko karatasi, kwa hiyo ukipungua nusu kilo ushukuru na uendelee. Aidha, hata kama mizani haitasogea, sukari na shinikizo la damu vitanufaika.

Huenda umesikia kuwa lazima mtu atembee hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo haikutoka hospitalini. Ilienea kutokana na kipimo cha hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha hatua elfu kumi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee uligundua kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700. Hivyo anza na ulichonacho.

Baada ya upasuaji, ugonjwa na uzazi

Wengi wetu huamini kuwa mgonjwa mzuri ni yule aliyelala. Hata madaktari waliamini hivyo zamani. Aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa wiki nyingi bila kuruhusiwa kuinuka. Mwaka 1952, Madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa wa moyo waliowatoa kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti. Wagonjwa hao waliendelea vizuri, na siku hizi mgonjwa wa moyo hufundishwa kutembea kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sababu ni kwamba anayelala muda mrefu, damu hutuama miguuni. Inaweza kuganda, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Vilevile mapafu hujaa makohozi, matumbo husimama na misuli hunyauka. Kwa hiyo muuguzi akikuambia uinuke siku moja baada ya upasuaji, usidhani anakutesa.

Akina mama waliojifungua wasikilize kwa makini. Desturi ya arobaini ni nzuri, kwa kuwa humpa mama mapumziko, chakula na msaada wa jamaa. Lakini arobaini si ya kulala kitandani. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ni wakati ambapo hatari ya damu kuganda iko juu. Mama atembee ndani ya nyumba na uani tangu siku ya kwanza kama hana tatizo, na aliyefanyiwa upasuaji afuate ushauri wa hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, apelekwe hospitalini mara moja.

Namna ya kuanza chini ya jua letu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba.

Wiki mbili za kwanza, tembea dakika 10 kila siku. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 20. Kuanzia wiki ya tano, dakika 30. Ukikosa siku moja, endelea kesho bila kulipiza deni.

Garissa ni mji wa joto, na miezi ya Februari na Machi ndiyo mikali zaidi. Tembea baada ya sala ya alfajiri kukishapambazuka, au jioni jua linapoelekea kutua. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kaa kivulini. Kunywa maji kabla ya kutoka na ubebe chupa. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au misuli ikikaza, simama, tafuta kivuli, kunywa maji na lowanisha nguo. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuzimia kwa joto apozwe kwa maji huku akikimbizwa hospitalini.

Huhitaji viatu vya bei. Vaa kiatu kilichofungwa vizuri, chenye soli inayozuia miiba. Buibui si kizuizi, mradi lisiburutike chini. Akina mama wanaoona haya kutembea peke yao waende watatu au wanne. Mazungumzo yatawasahaulisha umbali. Asiyeweza kutoka azunguke uani.

Mwezi wa Ramadhani, tembea kidogo karibu na wakati wa kufuturu au baada ya kufuturu, si mchana. Na kwenda msikitini kwa miguu kunahesabiwa.

Wanaopaswa kujihadhari

Mwenye maumivu ya kifua, anayehema kwa kazi ndogo au aliyewahi kuzimia amwone daktari kabla ya kuanza. Ukiwa njiani ukahisi kifua kinabanwa, simama na utafute msaada. Usijaribu kumaliza safari.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari abebe tende au peremende. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akiona giza, ale upesi. Kama anataka kufunga, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Asitembee peku hata uani, maana mchanga wa adhuhuri unaweza kuunguza unyayo uliokufa ganzi bila mwenyewe kujua. Kila jioni akague nyayo zake na katikati ya vidole.

Anayetafuna miraa naye ajue kuwa inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Asitoke kwenye kikao cha miraa akaingia moja kwa moja katika mwendo wa kasi. Afadhali apunguze muda wa kikao, na muda huo autumie kutembea.

Mwisho, msomaji, kapime shinikizo la damu na sukari juma hili katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, na kama si mbali, nenda kwa miguu. Andika namba utakazopewa. Rudi ukapime tena baada ya miezi mitatu ya kutembea na ya kupunguza sukari katika chai, ulinganishe. Kama unatumia dawa, usiziache kwa kuwa umeanza kutembea. Daktari wako ndiye atakayeamua zipunguzwe lini.

Juma lijalo tutaeleza kwa urefu utunzaji wa miguu ya mwenye kisukari.