DUNIA NDANI YAKE IKO NAMNA GANI?

Wanafunzi wenzetu, watu wengi wakisikia habari za Nyiragongo wanasema: dunia ni kama sufuria, juu udongo, chini moto wa maji-maji tu. Tuchunguze kama ni kweli.

Tukate avoka moja. Tunaona ngozi, nyama na kokwa. Dunia nayo iko hivyo:

1. Ganda. Ndipo tunalima na kujenga. Chini ya mabara unene wake ni karibu km 30 mpaka 50. Chini ya bahari ni km 5 mpaka 10 tu.

2. Manto. Inashuka mpaka km 2.900. Ni mawe ya moto sana, lakini si maji.

3. Kiini. Ni chuma na nikeli. Sehemu ya inje imeyeyuka. Ya ndani ni ngumu, kwani uzito wa vyote unaikandamiza. Toka juu mpaka katikati ni km 6.371.

Nani alifika kule? Hakuna. Tundu la Kola, katika Urusi, lilipita km 12 kidogo tu. Tunajua kwa njia ya matetemeko. Mtikisiko wa aina moja unapita katika mawe na maji. Wa aina ingine unapita katika mawe tu. Huu wa pili unapita katika manto, lakini ukifika kwenye kiini unakwama. Basi manto ni mawe, na kiini inje kimeyeyuka. Mwaka 1936 bibi Inge Lehmann wa Denmark alionyesha kwamba ndani yake kuna kiini kingine.

Sasa moto wa Nyiragongo unatoka wapi? Si katika kiini. Kwetu Kivu ganda linavutwa pande mbili. Uzito juu ya manto unapunguka, mawe yale ya moto yanayeyuka kidogo na kupanda.

Juu ya nini tujifunze haya? Lava ilishuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Kisha ile ya tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea, na mashini zilionyesha moto chini ya Goma na ziwa. Tarehe 27 watu waliambiwa watoke, wengi wakashika njia ya Sake. Lava haikutoka tena, lakini onyo halikuwa uongo: tetemeko linalotufundisha ndilo linalotuonya.

Maulizo:
1. Manto ni maji ao mawe? Tunajuaje?
2. Juu ya nini kiini cha ndani hakiyeyuki?
3. Tukihisi matetemeko mengi karibu na volkano, tufanye nini?